Nenda Fiordland na nyumba yako, urudi nayo

UKITAKA kuwajua watu wa nyumbani kwako vilivyo, wapakie wote ndani ya gari moja lenye vitanda, jiko na choo, kisha uliendeshe mahali ambapo kwa takriban kilomita 120 hapana duka, hapana pampu ya petroli na simu haishiki karibu njia nzima.

Kabla ya jua kutua utakuwa umejua ni nani huacha mfereji ukitiririka anapopiga mswaki, na ni nani hawezi kukaa saa mbili bila kutazama simu.

Mahali kama hapo papo, msomaji. Panaitwa Fiordland, pembe ya kusini-magharibi mwa New Zealand. Ni mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 1952, yenye zaidi ya hekta milioni 1.2, yaani inakaribia Tsavo Mashariki kwa ukubwa. Mwaka 1990 iliingizwa, pamoja na mbuga jirani, katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia kwa jina la Te Wahipounamu.

Katika eneo lote hilo, barabara iliyoungana na nchi nzima na kufika hadi kwenye maji ya fiodi ni moja tu. Twende nayo pamoja.

Seremala na visubi

Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya bonde lililochimbwa na mto wa barafu. Zamani za barafu, milima hii ilifunikwa kabisa. Barafu nene iliteremka polepole ikikwangua mwamba chini na ubavuni, mfano wa randa ya seremala inayopita juu ya ubao. Barafu ilipoyeyuka na bahari kupanda, maji ya chumvi yakajaza mabonde hayo. Ndiyo sababu kuta za fiodi husimama wima kutoka majini, bila ufuo wala mteremko wa kuegesha mtumbwi.

Wamaori, ambao ndio wenyeji wa nchi hiyo, wana masimulizi yao, nayo hayako mbali na ya wataalamu. Wao husema pwani hiyo ilichongwa na Tu-te-raki-whanoa kwa tezo. Alianzia kusini mkono ukiwa bado mgeni kwa kazi, akaacha visiwa na pembe zisizo na mpango. Alipofika kaskazini alikuwa fundi kamili, na hapo ndipo alipochonga fiodi iliyo bora kuliko zote, Piopiotahi, ambayo ramani nyingi huiita Milford Sound.

Masimulizi hayaishii hapo. Hine-nui-te-po, mwenye enzi ya wafu, alipoona uzuri wa kazi hiyo alihofu kwamba wanadamu wakifika hawatataka kuondoka. Basi akawaachilia visubi.

Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hine-nui-te-po hakuingoja hiyo siku ya tatu, wala hakutoa jembe. Visubi wake wako hadi leo, wadogo, weusi na wengi, na mwasho wa kuumwa kwao hudumu siku kadhaa. Kapteni James Cook, aliyetia nanga katika fiodi ya Dusky Sound mwaka 1773, aliandika kuwalalamikia.

Tafadhali yaweke akilini masimulizi hayo, msomaji. Fiordland hupokea wageni ila haitaki wakae. Wamaori wa kale walilijua jambo hilo. Walivuka milima kwa miguu kufuata jiwe la kijani liitwalo pounamu, wakalichukua, wakarudi kwao.

Gari-nyumba linafaa sana kwa mwendo wa namna hiyo. Waja na nyumba yako, walala, waamka, waondoka nayo.

Lita nne kwa siku

Magari haya hukodishwa katika miji kama Queenstown na Christchurch. Lenye vitanda vinne hadi sita huwa na urefu wa mita sita hivi au saba. Kiti cha mchana hukunjuliwa kuwa kitanda cha usiku. Kuna jiko la gesi, jokofu, beseni, na choo kidogo ambacho uchafu wake huingia katika kasha la kuchomolewa.

Dereva wa Kenya ana bahati yake. New Zealand huendesha kwa kushoto kama sisi. Hata hivyo asijidanganye kwamba analendesha gari dogo la kwendea kazini. Gari-nyumba ni refu, zito, na upepo wa milimani hulisukuma ubavuni.

Kuna kanuni moja ambayo mama yeyote wa mtaa wenye mgao wa maji ataielewa upesi. Ili gari lipewe cheti cha kujitosheleza, ni sharti liweze kuwatunza waliomo kwa siku tatu bila kuongezewa maji na bila kumwaga kitu nje. Kiwango cha chini cha maji ni lita nne kwa kila mtu kwa siku. Piga hesabu: watu wanne kwa siku tatu ni lita 48, hazifiki hata jerikeni tatu za lita ishirini. Humo mna kunywa, kupika, kuosha vyombo na kunawa.

Magari mengi ya kukodi hubeba maji zaidi ya hayo, lakini kiwango chenyewe ni somo tosha. Mtoto wa mjini ambaye hajawahi kujiuliza maji hutoka wapi huanza kukitazama kipimo cha tangi kama baba anavyokitazama kipimo cha mafuta.

Yapo pia maji machafu. Yale ya beseni na ya kuogea hukusanywa katika tangi la pili chini ya gari. Hayamwagwi kichakani, hata yawe ya kuoshea kikombe. Hupelekwa pamoja na kasha la choo hadi kituo maalumu, yakamwagwa huko na mahali pakasuuzwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 ilizidi kukaza uzi. Gari haliwezi tena kupewa cheti kwa sababu ya kubeba choo cha mkononi tu, bali choo kiwe kimefungwa imara ndani yake.

Kazi ya kumwaga kasha la choo haina mpenzi. Familia nyingi hupiga kura.

Kuelekea tundu la mlimani

Mji wa mwisho ni Te Anau, kando ya ziwa la jina hilo, lenye kilomita mraba 344. Ukitokea Queenstown ni mwendo wa kilomita 170 hivi. Hapo jaza mafuta, jaza maji, nunua chakula, na uulize hali ya barabara kabla ya kuondoka. Kati ya Mei na Novemba ni lazima ubebe minyororo ya kufunga magurudumuni kwa ajili ya theluji na barafu.

Barabara huanza kwa upole. Hufuata ziwa, kisha huingia bonde la Eglinton, tambarare ya nyasi za rangi ya dhahabu iliyozungukwa na milima yenye theluji kileleni. Baadaye msitu hukufunika. Mashina yamevikwa uoto laini wa kijani kama zulia, na matone hudondoka hata wakati hakuna mvua.

Idara ya uhifadhi imetenga viwanja vichache vya kulala kando ya njia hii. Kimojawapo kiko Cascade Creek, karibu na ziwa Gunn. Kina vyoo, lakini hakina umeme. Nje ya viwanja hivyo usidiriki kuegesha ukalala, kwani faini ipo na walinzi wapo.

Lala hapo. Jua la Desemba katika nchi hiyo huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hivyo watoto watakula chajio mchana mweupe na kushangaa wakiambiwa waende kulala. Giza likishaingia hakuna taa ya mji hata moja. Ikiwa mawingu hayapo, zimeni taa za gari, mtoke nje, mtazame juu.

Asubuhi barabara hubadilika tabia. Hupita mahali paitwapo The Divide, mita 532 juu ya usawa wa bahari, kisha kuta za mwamba husogea kutoka pande zote mbili. Vibao vinakukataza kusimama kwa kilomita kadhaa. Usidhani ni ukali wa bure: juu yako kuna theluji inayoweza kuporomoka. Mwaka 1983 mfanyakazi wa barabara aliuawa na maporomoko hayo, na tangu hapo kumekuwa na mpango wa kuifunga njia na kuilipua theluji kutoka kwa helikopta kabla haijaanguka yenyewe.

Mbele yako barabara inakomea kwenye ukuta wa mwamba. Chini ya ukuta kuna tundu. Hilo ni handaki la Homer.

Lilianza kuchimbwa mwaka 1935, enzi za ukosefu wa kazi, na wanaume watano wenye sururu na matoroli. Waliishi mahemani, katika bonde ambalo jua haliligusi kwa miezi ya baridi. Maporomoko ya theluji yaliua watatu miongoni mwa waliofanya kazi huko. Mwamba ulitobolewa hadi upande wa pili mwaka 1940, vita vikasimamisha kazi, na magari yaliruhusiwa kupita mwaka 1954. Miaka 19 kwa njia ya kilomita moja na robo hivi.

Taa za barabarani hupitisha magari upande mmoja kwa zamu. Ukisubiri zamu yako, huenda ukatembelewa na kea, kasuku wa milimani mwenye rangi ya zeituni na udadisi wa mwanafunzi mtoro. Atapanda juu ya gari na kuanza kuivuta mipira ya madirisha kwa mdomo. Watoto watacheka, lakini wasimpe hata kipande cha mkate. Kea aliyezoea kulishwa hujifunza kuonja kila kitu cha binadamu, ikiwemo misumari ya risasi kwenye mapaa, ambayo humuua.

Ndani ya handaki kuta ni mwamba mtupu unaovuja maji, na njia inateremka kwa kasi, mita moja kwa kila mita kumi. Shika gia ya chini, usikanyage breki mfululizo. Ukichomoza upande wa pili utaona bonde la Cleddau limefunguka chini yako, barabara ikizunguka kama kamba iliyotupwa.

Maji ya strungi

Milford Sound ni fiodi ya kilomita 15 hivi, na kina chake mahali pengine hukaribia mita 300. Kilele cha Mitre huinuka takriban mita 1,690 moja kwa moja kutoka majini. Acha gari, panda mashua.

Maporomoko ya Stirling huanguka takriban mita 150. Aliyewahi kusimama mbele ya Thomson's Falls pale Nyahururu ayaweke mawili, moja juu ya jingine, ndipo apate kadiri yake. Mashua husogea karibu hadi abiria wakalowa. Juu ya miamba hulala sili, na pomboo huonekana mara nyingi wakifuatana na mashua.

Tazama rangi ya maji. Ni ya strungi, chai isiyotiwa maziwa. Mvua hupita msituni ikachukua rangi ya majani yaliyooza, ikamwagikia juu ya maji ya chumvi, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi hukaa juu kama tandiko. Tandiko hilo huzuia mwanga. Kwa hiyo viumbe vya kina kirefu, kama matumbawe meusi, hudanganyika na kuota karibu na uso wa maji. Sehemu ya fiodi hiyo imelindwa kama hifadhi ya bahari tangu mwaka 1993.

Sasa tuiseme mvua. Nairobi hupata karibu mita moja ya mvua kwa mwaka. Milford hupata zaidi ya mita sita. Wageni wengi huahirisha safari wakiona mawingu, nao hukosa. Siku ya mvua mamia ya maporomoko huzaliwa ukutani, mengine membamba kama uzi, na saa chache baada ya mvua kukatika hufa.

Lakini mvua hiyo hiyo ina upande wa pili. Mwanzoni mwa Februari 2020 ilinyesha zaidi ya milimita 1,000 katika muda wa saa 60. Barabara ilikatika mahali pengi. Mamia ya watu walikwama, na wengi walitolewa kwa helikopta.

Chini ya ardhi nako si kimya. Ufa mkubwa wa Alpine, unaoikata Kisiwa cha Kusini, huingia baharini karibu na mdomo wa fiodi hii. Watafiti walikadiria mwaka 2021 kwamba uwezekano wa ufa huo kuleta tetemeko kubwa katika miaka 50 ijayo ni asilimia 75. Mlima ukimeguka na kuangukia fiodi, wimbi lake halitamngoja mtu afunge mlango wa gari. Hine-nui-te-po alikuwa na hoja.

Ndege aliyempa mahali jina

Neno Piopiotahi maana yake ni piopio mmoja. Wamaori husema shujaa Maui alipokufa, ndege huyo aliruka peke yake hadi hapa kuomboleza.

Leo hata huyo mmoja hayupo. Piopio alitoweka duniani baada ya wageni wa baharini kuleta panya, paka na mnyama wa jamii ya kicheche aitwaye stoti. Ndege wa New Zealand hawakuwa wamezoea wanyama wa namna hiyo, na wengi hujenga viota chini au karibu na ardhi. Vile visanduku vya mbao mtakavyoviona kando ya vijia ni mitego ya stoti. Waambie watoto wasiviguse.

Si kila habari ni ya msiba. Takahe, ndege mnene wa bluu na kijani asiyeruka, alidhaniwa kwisha tangu mwaka 1898. Novemba 1948 daktari mmoja, Geoffrey Orbell, alimkuta hai katika milima ya Murchison, ng'ambo ya ziwa Te Anau. Baada ya miaka mingi ya kutunzwa, idadi yao sasa inakaribia 500. Mjini Te Anau kuna hifadhi ndogo ambako watoto wanaweza kumwona bila kupanda mlima.

Mashaka ya siku hizi ni miguu yetu wenyewe. Mwaka 2019 watu zaidi ya 800,000 waliingia Milford kwa barabara hii moja. Wengi hutoka Queenstown alfajiri kwa basi, hufika adhuhuri, hupanda mashua, hurudi usiku huo huo. Mpango uliotolewa mwaka 2021 ulipendekeza kupunguza magari ya binafsi na kuleta wageni kwa mabasi kutoka Te Anau. Wapo walioupokea kwa shangwe, na wapo wafanyabiashara walioupinga.

Mwenye gari-nyumba ana la kujibu katika mjadala huo. Ni kweli analeta gari kubwa kwenye njia nyembamba. Lakini akilala njiani na kufika asubuhi, haongezi msongamano wa adhuhuri. Na akirudi na uchafu wake wote, amefanya jambo ambalo lingewaokoa ndege wengi lau wageni wa kwanza wangelifanya: hakuacha kitu.

Ukipanga kwenda

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, na Mkenya anahitaji viza. Nauli si ya mchezo. Hata kama safari hii itabaki ya ramani na vitabu kwa miaka kadhaa, si vibaya mwanafunzi kuianza mapema.

Kwenye uwanja wa ndege utaulizwa kuhusu chakula, mbegu na viatu vyenye udongo. Andika kila kitu kwenye fomu, hata tunda moja. Anayeficha hutozwa faini papo hapo. Sababu yake umeshaijua: nchi iliyopoteza piopio haitaki mgeni mwingine wa siri.

Beba koti la mvua la kweli, nguo za mikono mirefu na dawa ya kupaka ya visubi. Weka nafasi ya gari na ya kulala mapema ukienda Desemba hadi Februari, ambayo kwao ni kiangazi. Usiendeshe usiku. Gari zikikufuata nyingi nyuma, egesha pembeni zipite.

Mkirudi Te Anau, nendeni kwanza kwenye kituo cha maji machafu kabla ya kutafuta chakula. Fungueni tangi, chomoeni kasha, suuzeni. Kisha mmoja wenu aingie ndani ya gari ahesabu mifuko ya taka. Iwe ni ile ile mliyoijaza njiani, bila kupungua hata mmoja.